Mlima Karthala: Mvua Nyingi, Mto Hakuna

Mwalimu wetu wa Jiografia aliponitaka niandike habari za safari yangu ya Ngazija, nilimwomba aniruhusu niandike na kosa langu pia, kwa sababu somo lenyewe lilitoka katika kosa. Akaniruhusu. Basi wenzangu wa madarasa yote, nanyi wazazi wetu mnaolisoma gazeti hili nyumbani, nawaomba mnifuate kwa miguu mpaka juu ya Karthala. Njia ni ndefu kidogo.

Mama yangu alizaliwa Ngazija, akaolewa Unguja. Ndugu yake, yaani mjomba wangu, anakaa Moroni, na mama yao anakaa kijiji kimoja cha upande wa mashariki wa kisiwa. Huko bibi huitwa koko, nami nitamwita hivyo hivyo, maana ndivyo alivyonizoeza. Katika likizo ya mwezi wa Juni mwaka jana nilipanda ndege Dar es Salaam, nikashuka uwanja wa Hahaya. Jambo la kwanza lililonishangaza ni mawe. Sisi wa Unguja twajua jiwe jeupe la matumbawe, lile tulichomalo chokaa. Pale Hahaya mawe ni meusi kama makaa, yamelala mpaka baharini, na mawimbi meupe yanavunjika juu yake. Nilidhani pamechomwa moto karibuni. Mjomba akacheka, akasema, "Pamechomwa kweli, mjomba, lakini moto wenyewe ulitoka chini."

Kisiwa cha Ngazija ni kirefu kuliko upana wake, urefu wake wapata kilomita 60 na kitu. Mgongo wake wote ni milima iliyojengwa na volkeno. Kaskazini iko La Grille, yenye urefu wa mita 1,087. Imejaa vilima vidogo vya mviringo kama vichuguu, na kila kimoja ni mdomo uliowahi kutoa moto. Katikati na kusini yuko Karthala mwenyewe, mita 2,361, na kusini mashariki iko milima ya Mbajini, ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya zamani zaidi. Ukisimama pwani popote pale, bahari iko mbele yako na mlima uko kisogoni. Hakuna uwanda mpana baina yao. Mtu hutoka ufukweni akaanza kupanda papo hapo.

Karthala si mlima wa umbo la pia kama ule tunaouchora vitabuni. Umetandaa kama ngao iliyolazwa kifudifudi. Sababu yake ni kwamba uji wake wa mawe, yaani lava, ni mwepesi, hutiririka mbali kabla ya kuganda. Safari moja hufuata nyingine, tabaka juu ya tabaka, na mlima hupanda polepole huku ukipanuka sana. Lava hiyo ikiganda huwa ya namna mbili, nami nimezikanyaga zote. Moja ni laini, ina mikunjo kama nguo iliyovuliwa ikaachwa chini. Ya pili ni vipande vikali vilivyorundikana ovyo. Hiyo ya pili ilinilia soli ya kiatu siku ya kwanza tu.

Sasa nije kwenye kosa.

Usiku wa kuamkia safari, mwongozaji wetu alikuja nyumbani kwa mjomba. Ni mtu wa makamo, amepanda mlima ule mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Alituambia tungelala usiku mmoja juu, na kila mtu achukue dumu la maji la lita tano. Tulikuwa watu watatu: yeye, mimi, na mtoto wa mjomba mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Mjomba mwenyewe magoti yamemchoka.

Mimi nilijiona msomi. Nilikuwa nimesoma kwamba pepo zitokazo baharini zikigonga mlima hupanda, hupoa, na kumwaga mvua. Nilijua kwamba ubavu wa magharibi wa Karthala hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, na hiyo ni mvua kubwa mno. Nikawaza: penye mvua na mlima pana mto, kama Kilimanjaro, kama Usambara, kama kila mahali palipochorwa mstari wa buluu katika ramani. Kwa nini basi nibebe kilo tano za maji mgongoni kwenda mahali penye maji? Mwongozaji alipokwisha ondoka, nilitoa dumu langu katika mkoba nikaweka chupa mbili za lita moja moja. Nikamwambia na yule mdogo wangu afanye hivyo hivyo, ili apate nafasi ya mkate na blanketi. Alinitii, kwani mimi ni mkubwa wake na ninatoka shule ya bweni. Hilo la pili ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Alfajiri baada ya sala tulianza kupanda kutoka Mvouni, kijiji kilicho juu ya mji wa Moroni. Saa mbili za mwanzo ni mashamba: migomba, minazi, mishelisheli, na milangilangi iliyokatwa vilele isirefuke, ili wanawake wafikie maua yake. Mafuta ya mlangilangi ya Ngazija husafirishwa mbali kutengenezea manukato. Pana na vanila inayotambaa juu ya miti, na kila ua lake hutungishwa kwa mkono wa mtu, njia iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili katika kisiwa cha Réunion. Ningependa kuieleza habari hiyo kwa urefu, lakini itanipoteza njia.

Baada ya mashamba twaingia msituni. Msitu ule umelowa. Miti imevaa manyoya ya kijani kuanzia shina mpaka matawi, na mikangaga imekua mirefu kama minazi michanga. Matope yalifika juu ya viatu, na matone yalituangukia shingoni ingawa mvua hainyeshi. Nilifurahi sana. Kila tulipopinda kona nilitega sikio nisikie mto. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Maji yangu yamebaki nusu chupa, na mdogo wangu, aliyekuwa akinywa kila ninapokunywa mimi, amebaki na kidogo zaidi. Tukafika kwenye korongo, nami nikatangulia mbio kuteremka, kwani kitabuni korongo ni kitanda cha maji. Kitanda kilikuwapo. Ndani yake mlikuwa na mawe meusi makavu na majani yaliyooza.

Nikamwuliza mwongozaji, "Baba, mito iko wapi?"

Akapiga mguu chini mara mbili. "Iko huku. Lakini hatuna kamba ya kuifikia."

Ndipo alipoutazama mkoba wangu, akaunyanyua kwa kidole kimoja, akajua. Hakunikaripia. Aliunyanyua na wa mdogo wangu, akanyamaza muda, kisha akasema tutembee polepole na tusizungumze.

Hapa nisimamishe safari kidogo nieleze, maana hili ndilo somo. Lava ikiganda hubaki na matundu, kwa sababu hewa iliyokuwa ndani yake hutoka kama mapovu ya chapati. Tena ikipoa hujikunja na kupasuka nyufa. Pengine uso wake huganda kwanza na uji ukaendelea kutiririka chini yake, hata ukiisha huacha pango refu kama bomba. Kwa hiyo mlima mchanga wa lava ni kama chekeche. Mvua hunyesha, hulowesha majani na udongo mwembamba wa juu, kisha huzama moja kwa moja. Katika Ngazija yote hamna mto unaotiririka mwaka mzima. Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali ni vya volkeno pia, lakini vina umri mkubwa zaidi. Huko jiwe limekwisha oza likawa udongo wa kunata unaozuia maji, na ndiyo maana mito ikapatikana. Kwa maneno mengine, mto huhitaji mvua na huhitaji sakafu isiyovuja. Mimi nilikumbuka mvua, sakafu nikaisahau.

Mwenye shaka na ajaribu mwenyewe. Chukua makopo mawili ya maziwa, uyatoboe chini. Moja litie kokoto, la pili litie udongo wa mfinyanzi ulioushindilia vizuri. Mimina kikombe cha maji katika kila moja. Katika la kokoto maji yatatoka chini kabla hujaweka kikombe. Katika la pili yatasimama juu, na ukiliinamisha kopo yatatiririka pembeni. Huo ndio mto.

Na aibu yangu ni kwamba sikuhitaji kwenda Ngazija kulijua jambo hili. Nyumbani Unguja, upande wa uwanda, kule Paje na Jambiani na Makunduchi, mvua za masika hunyesha na hakuna mto, kwani jiwe la matumbawe nalo huvuja, na wazee walikuwa wakiteka maji mapangoni. Nimepita njia ile mara nyingi nikienda kuoga baharini, wala sikujiuliza.

Maji yanayozama yaenda wapi? Hushuka ndani ya mlima mpaka usawa wa bahari. Maji ya bahari nayo yameingia katika mawe kutoka pembeni, lakini ni mazito zaidi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na ya mvua gramu 1,000. Kwa hiyo maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Maji yakipwa, penginepo huonekana yakitokea kwenye ufuko, na mtu huweza kuyateka katikati ya mchanga. Wachimbao visima karibu na pwani sharti wawe na kiasi, kwani ukivuta sana, chumvi hupanda. Na aliye juu mlimani hawezi kuchimba mita mia kadhaa za jiwe. Yeye hutegemea mvua ya paa lake, ihifadhiwe katika birika.

Narudi njiani. Kwenye saa nane mchana msitu ulianza kuwa mfupi, tukaingia katika vichaka vya miti midogo yenye majani kama sindano. Jua likatupata, na chupa zangu zilikuwa tupu. Saa kumi mdogo wangu alikaa chini bila kuombwa. Alisema kichwa kinamgonga na miguu inamkaza, kisha akatapika. Sijapata kuogopa namna ile. Moyoni nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mjomba, na kila nilipoyapanga yalianza na neno "mimi".

Mwongozaji alimlaza kivulini, akampa maji ya dumu lake kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja, kisha akangoja, kisha kingine. Mimi nilipewa vitatu, nikavihesabu. Chakula cha kupika tulikiacha, tukala mkate na ndizi. Ukungu ulipopanda jioni, alifunga turubai baina ya vichaka viwili, limeinama upande mmoja, na chini ya pembe yake akaweka sufuria. Alieleza kwamba vichaka vile huishi kwa ukungu kuliko kwa mvua, kwani majani yao membamba hukusanya matone. Usiku tulisikia filimbi ya ndege, ikirudia sauti ile ile moja muda mrefu. Ni bundi mdogo apatikanaye Karthala tu, si mahali pengine popote duniani, na wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1958. Wakati mwingine ningeamka kumtafuta. Usiku ule nilisikiliza tone likianguka katika sufuria.

Asubuhi tulipata lita moja na kidogo, yenye ladha ya majani. Mdogo wangu alikunywa ya kwanza, rangi ikamrudia. Akasema yuko tayari kuona juu.

Juu hakuna kilele. Unatembea juu ya majivu na changarawe nyeusi, mara ardhi inakatika mbele yako, na chini kuna bonde la mviringo lenye kuta wima, upana wake kilomita tatu kwa nne hivi. Ndani ya bonde hilo mna shimo lingine, kasoko ya Chahalé, na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye nyufa. Ukigeuka nyuma waona mawingu, na kupita mawingu ni bahari. Nilitamani sana kushuka mpaka ukingo wa Chahalé. Nilikuwa nimeahidi darasa zima kuleta jiwe la huko. Mwongozaji akakataa: kushuka na kupanda tena ni nusu ya siku, na maji yetu hayafiki nusu ya siku. Nikamwomba aniache niende peke yangu. Akanijibu kwamba jana nilikuwa peke yangu kichwani, na tumeona matokeo yake. Tulikaa nusu saa tu. Sikuleta jiwe.

Katika nusu saa ile alitueleza jambo ambalo baadaye nalithibitisha vitabuni. Lava ya Karthala kwa kawaida hutoka kwa utulivu, nayo huharibu nyumba na mashamba zaidi kuliko kuua watu. Mwezi wa Aprili 1977 ilitokea ubavuni, ikashuka mpaka kijiji cha Singani upande wa kusini magharibi, ikaharibu nyumba nyingi, lakini watu waliwahi kukimbia. Mlima ukiua, mara nyingi ni kwa hewa au kwa mlipuko. Mwaka 1903 hewa yenye sumu iliua watu kumi na saba. Na mlipuko huletwa na maji. Baada ya mlipuko wa mwaka 1991, ziwa lilitanda ndani ya Chahalé. Mwezi wa Aprili 2005 moto wa chini ukakutana na maji yale. Kila mmoja wetu ameona tone la maji likianguka katika mafuta ya moto: hurusha mafuta mpaka ukutani. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yaligeuka mvuke kwa ghafula, yakaupasua uji wa mawe vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo ndivyo majivu. Yaliangukia hasa vijiji vya mashariki, na maelfu ya watu wakahama. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule mlima ulilipuka tena, na mara hii majivu yaliufikia mji wa Moroni. Mlipuko wa mwisho kuandikwa ni wa Januari 2007. Siku hizi kipo kituo kinachousikiliza mlima kwa mitambo, mchana na usiku.

Tuliteremka salama. Kabla ya magharibi tulikuwa Mvouni, na mtu wa kwanza tuliyemwomba alitupa maji bila kuuliza. Nilimweleza mjomba yote mwenyewe, kabla ya mdogo wangu kusema neno. Mjomba alinyamaza, kisha akasema nitakwenda kwa koko wiki mbili, nikafanye kazi ya birika.

Koko nilimwamkia "Shikamoo", akaitikia "Marahaba", kisha akaniamkia kwa lugha yao, "Jeje?" nami nikamjibu, "Njema." Nyumba ni yake, kwani kwa desturi ya Ngazija nyumba huwa ya mwanamke. Birika lake liko ubavuni mwa nyumba, limejengwa kwa mawe na saruji, na mfereji wa bati huleta maji kutoka paani. Kazi yangu ilikuwa kufagia paa na mfereji, na kuteka maji ya siku asubuhi. Alinihadithia usiku ule wa Aprili 2005: ngurumo, harufu kama ya kiberiti, kisha asubuhi isiyopambazuka, na majivu yakishuka juu ya bati kwa sauti ya mchanga. Alikuwa na maji ya kutosha miezi miwili. Kulipokucha yalikuwa uji wa kijivu. Walilitoa lote kwa ndoo, wakalisugua, wakangoja maji ya kuletwa na magari, na baada ya hapo wakangoja mvua.

Nilipokuwa kule nililipima birika kwa futi ya fundi. Ndani lina urefu wa mita 3, upana mita 2, na kina mita 2, yaani lita 12,000 likijaa. Nyumbani walikuwa watu saba, na kila mtu, pamoja na kupika na kufua, alitumia kama lita 15 kwa siku. Hizo ni lita 105. Ukigawa, birika lililojaa lawatosha siku 114. Majira ya kusi huchukua miezi sita, kiasi cha siku 184. Siku 70 zilizobaki zategemea manyunyu yanayopita katikati. Paa lina mita za mraba 60, hivyo mvua ya milimita 10 huingiza lita 600, ambazo ni chakula cha siku tano na kitu, ikiwa mfereji ni safi.

Nilimsomea koko hesabu yangu kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akanionyesha ukuta wa ndani wa birika. Palikuwa na alama tatu za makaa. Maji yakifika ya kwanza, hufua mara moja kwa wiki. Yakifika ya pili, nguo hupelekwa kufuliwa pwani. Ya tatu ilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, na siku ile niliyoondoka maji yalikuwa yamepungua vidole vinne chini ya alama ya kwanza.